Ukinunua pombe ugenini, uliza zaidi ya bei

Usidhani sheria ya pombe ni moja nchi nzima. Marekani, tangu Marekebisho ya 21 ya katiba, yaliyofuta marufuku ya pombe mwaka 1933, kila jimbo linajipangia, na mengine huziachia kaunti ziamue. Texas, kwa mfano, maduka ya pombe kali hufungwa Jumapili, ilhali bia na divai zinauzwa supamaketi siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo ukiuliza tu "pombe inauzwa?" utajibiwa ndiyo, kisha ukwame. Uliza aina gani, duka gani, mpaka saa ngapi. Sweden inachanganya wengi: supamaketi huuza bia isiyozidi asilimia 3.5, na yenye nguvu zaidi ya hapo utaipata Systembolaget, maduka ya serikali, ambayo Jumapili hayafunguliwi. Halafu kuna umri. Mwenye miaka 19 anahudumiwa baa bila shida, lakini akienda Systembolaget anarudishwa, maana huko ni 20. Scotland wao wamebana saa: madukani ni saa nne asubuhi hadi saa nne usiku, basi.

Mtu wa kumuuliza ni muuzaji mwenyewe au mhudumu wa hoteli. Rafiki aliyepita huko zamani huenda anakumbuka sheria iliyokwisha badilika. Beba kitambulisho chenyewe, si picha kwenye simu. Na muuzaji akikukatalia, tafadhali usimbembeleze wala kumfokea. Leseni ya duka na kibarua chake vinaweza kwenda kwa chupa moja.