Somo: "lazima" na "inabidi" kwa Kiesperanto

Haya wakuu, leo tumalizane na hili maana naona "mi devas iras" kila siku mpaka macho yanauma.

1. Anza na devi. Mi devas iri = lazima niende. Kitenzi cha pili kinabaki na -i yake, hakibebi wakati wala mtu. Sisi tumezoea kumtaja mtu mara mbili (inaNIbidi Niende) ndo maana mkono unateleza unaandika "mi devas mi iru", futa hiyo. Wakati unaubadilisha kwenye devi tu: devis ilibidi, devos itabidi. Devus ni laini zaidi, ya kumshauri mtu mzima: vi devus ripozi, ingefaa upumzike.

2. Kama humtaji mtu, necesas inatosha: necesas dormi, inabidi kulala. Ukimtaja weka ke, kitenzi kiishie na -u: necesas, ke li venu = inabidi aje. Hapa ndo raha yetu, hiyo -u ni ile -e ya mwisho kwenye aje, niende, tuseme, na hata mambo yawe ya jana haibadiliki: necesis, ke li venu, ilibidi aje. Yani hii tumezaliwa nayo.

3. Kuna -end- pia. Pagenda fakturo ni bili ambayo lazima ilipwe. Usiichanganye na -ind-: leginda libro kinastahili kusomwa, legenda libro usipokisoma umefeli.

MASWALI

– Mwalimu, "mi ne devas iri" ni si lazima niende au sitakiwi kwenda?
Hapo hata wazoefu hawaelewi sawa, mi naikwepa tu. Si lazima: mi ne bezonas iri. Siruhusiwi: mi ne rajtas iri.

– Kwani bezoni si kuhitaji?
Ndiyo hiyo hiyo, mi bezonas akvon, nahitaji maji, na -n ya mwisho usiile.

– Kamusi yangu inasema legendo ni hadithi za kale, sasa legenda libro ni kipi?
Hahaha umenikamata, inaweza kuwa vyote viwili. Ukiona utata sema libro, kiun vi devas legi.

– Nikitaka kuuliza tu "nisubiri?" natumia devi?
Hapana dada, -u peke yake: ĉu mi atendu?