Jinsi ya Kusoma Mkakati wa Kampuni Kubwa ya Vinywaji: Mfano wa Coca-Cola, Hatua kwa Hatua

Kampuni kubwa ya vinywaji haikosi maneno kuhusu mkakati wake. Kuna kaulimbiu, kuna hotuba za mkurugenzi mtendaji, kuna kurasa nzima kuhusu utamaduni wa kazi. Mimi huchambua kampuni za aina hii kama kazi, na hayo yote huyaweka kando hadi mwisho. Kwanza hutafuta mambo matatu: fedha zimewekwa wapi, zimeondolewa wapi, na wakuu wanalipwa kwa kufanya nini. Mkakati wa kweli umo humo.

Nitatumia The Coca-Cola Company ya Atlanta, kwa kuwa nyaraka zake ziko wazi na historia yake ni ndefu kiasi kwamba unaweza kuona uamuzi mmoja ukizaa matokeo miaka mingi baadaye. Ukishaizoea njia hii, ijaribu kwa PepsiCo, Heineken au Diageo.

Hatua ya 1: Pakua nyaraka mbili

Nenda kwenye EDGAR, hifadhi ya mtandaoni ya tume inayosimamia masoko ya hisa Marekani. Ni bure. Tafuta kampuni kwa alama yake ya soko la hisa, KO. Chukua Fomu 10-K, ambayo ni ripoti rasmi ya mwaka, na waraka unaoitwa DEF 14A, ambao wanahisa hutumiwa kabla ya mkutano mkuu. Chukua za mwaka wa karibuni na za miaka mitano iliyotangulia.

Hizo za zamani usiziache. Aya nyingi za 10-K hurudiwa karibu neno kwa neno kila mwaka, kwa hiyo aya ikibadilika, jambo limebadilika. Weka ripoti mbili sambamba, soma maelezo ya biashara, kisha orodha ya hatari, na upigie mstari kila kilichoongezwa au kufutwa.

Hatua ya 2: Chora ramani ya nani anafanya nini

Watu wengi hudhani Coca-Cola ni kampuni ya kutengeneza soda. Kwa sehemu kubwa ni kampuni ya kumiliki chapa na kuuza konsentreti, yaani kiini cha ladha. Kampuni nyingine, nyingi zikiwa huru kabisa, hununua konsentreti hiyo, huchanganya na maji na sukari, hujaza chupa na makopo, kisha hupakia malori na kusambaza madukani.

Chora visanduku viwili kwenye karatasi: kiini na chupa. Chini ya kila kimoja andika gharama zake. Kiini kinahitaji maabara, matangazo na wanasheria wa chapa. Chupa inahitaji mitambo, maghala, malori na maelfu ya wafanyakazi. Faida kwa kila dola ya mauzo ni kubwa zaidi upande wa kiini, na mtaji unaozama ni mdogo.

Kisha soma jinsi bei ya konsentreti inavyopangwa. Mahali pengi kampuni hutumia mfumo ambamo bei hiyo hutegemea mapato ya kampuni inayojaza chupa: huyu akiuza kwa bei nzuri, mwenye kiini naye hupata zaidi. Aya hiyo ni fupi, na wasomaji wengi huiruka. Mimi naiona kuwa kati ya aya muhimu kuliko zote, kwa sababu inaeleza kama pande mbili zinavuta kamba moja au zinavutana.

Hatua ya 3: Fuatilia umiliki wa viwanda kwa miaka mingi

Hapa tumia muda wako mwingi.

Mwaka 1899 Asa Candler, mmiliki wa Coca-Cola wakati huo, aliwapa wanasheria wawili wa Chattanooga, Benjamin Thomas na Joseph Whitehead, haki ya kujaza Coca-Cola kwenye chupa karibu Marekani nzima kwa dola 1. Mkataba ulifunga bei ya sharubati, yaani kiini kilichokwisha kuchanganywa na sukari, na haukuwa na tarehe ya mwisho. Kinywaji kilienea haraka bila kampuni kujenga viwanda, lakini sukari ilipopanda bei, bei iliyofungwa ikawa mzigo, na mwaka 1920 kampuni na wenye haki ya kujaza chupa walikuwa mahakamani.

Mwaka 1986, chini ya mkurugenzi mtendaji Roberto Goizueta, kampuni ilikusanya viwanda vya kujaza chupa katika Coca-Cola Enterprises, ikauza hisa zake nyingi kwa umma na kubaki na asilimia 49. Kwa kubaki chini ya nusu, madeni na mitambo havikuhesabiwa tena kwenye vitabu vyake. Mwaka 2010 ikainunua upya biashara ya Amerika Kaskazini ya kampuni hiyohiyo. Kufikia mwisho wa 2017 ilikuwa imeshaikabidhi tena kwa wamiliki huru.

Sasa angalia takwimu za kipindi hicho. Mapato yalikuwa takriban dola bilioni 41.9 mwaka 2016, yakashuka hadi bilioni 35.4 mwaka 2017. Wafanyakazi walikuwa kama 100,300, wakabaki 61,800. Asiyejua historia atasema kampuni inaanguka. Kilichotokea ni kwamba malori, viwanda na watu wake walihamia vitabu vya wengine.

Ukifanya zoezi hili, jiulize swali moja katika kila mgeuko: kampuni ilikuwa inataka kurekebisha nini ambacho isingeweza kukirekebisha kwa mkataba? Ununuzi wa 2010 unaeleweka zaidi ukiutazama hivyo. Mfumo wa usambazaji ulihitaji kupangwa upya, na mwenye chapa aliona ni rahisi kuupanga akiwa mmiliki, kisha kuuachia.

Hatua ya 4: Tenganisha bei na ujazo

Usikubali neno "ukuaji" mpaka ulipasue. Mwaka 2024 mapato ya Coca-Cola yalikuwa takriban dola bilioni 47.1, ongezeko la asilimia 3. Ukiondoa athari za sarafu na za kununua au kuuza biashara, ongezeko lilikuwa asilimia 12. Ujazo, yaani kiasi cha kinywaji kilichouzwa, uliongezeka kwa asilimia 1 tu. Sehemu kubwa ya kilichobaki ni bei pamoja na mchanganyiko wa bidhaa (uwiano wa za bei ya juu na za bei ya chini), na mfumuko mkali wa bei katika masoko machache ulichangia. Kampuni ya namna hiyo inaegemea uwezo wake wa kupandisha bei bila mnywaji kukimbia. Ni nguvu kubwa, nayo ina mwisho, kwa hiyo fuatilia mstari wa ujazo kila robo mwaka.

Jifunze pia kipimo chao. Kasha moja la hesabu ni aunsi 192 za Marekani, karibu lita 5.7, sawa na vinywaji 24 vya aunsi 8. Mwaka 2024 yaliuzwa makasha bilioni 33.7. Zidisha kwa 24, gawanya kwa siku za mwaka, unapata takriban vinywaji bilioni 2.2 kwa siku. Ripoti yenyewe huweka namba hiyo kando ya makadirio ya vinywaji bilioni 65 vya kila aina vinavyonywewa duniani kila siku. Ndiyo maana kampuni iliyo kila mahali bado huzungumza kama yenye nafasi ya kukua.

Hatua ya 5: Orodhesha kilichoachwa

Mwaka 2020 kampuni ilitangaza kupunguza chapa kuu kutoka takriban 400 hadi 200. Tab, iliyozaliwa 1963, ilikuwa miongoni mwa zilizozikwa. Rudi nyuma zaidi utaikuta studio ya filamu ya Columbia Pictures, iliyonunuliwa 1982 na kuuzwa kwa Sony 1989. Andika kila kilichoachwa pamoja na kilichopata fedha zake. Inatosha.

Hatua ya 6: Soma viongozi kupitia kazi walizotoka na malipo yao

Fungua DEF 14A. Usianze na kiasi cha mshahara. Anza na vipimo vya bonasi na hisa. Utakuta mambo kama ukuaji wa mapato, faida kwa kila hisa na mtiririko wa fedha. Angalia uzito wa kila kipimo, na kama kimebadilika tangu miaka mitano iliyopita. Hotuba ikisisitiza jambo ambalo halimo kwenye jedwali la malipo, amini jedwali.

Kisha tazama mtu alikotoka. Goizueta, mhandisi wa kemia aliyezaliwa Cuba, aliongoza tangu 1981 hadi alipofariki 1997. Alimfuata Douglas Ivester, mhasibu aliyekuwa mbunifu mkuu wa mpango wa 1986 wa Coca-Cola Enterprises. Aliijua mizania kuliko mtu yeyote pale. Mwaka 1999, katikati ya matatizo mengine, alipandisha bei ya konsentreti, kampuni zinazojaza chupa zikakasirika, na Desemba mwaka huo alitangaza kuondoka. Naisisitiza habari hii kwa sababu inaunganisha hatua ya 2 na hii ya 6: katika mfumo ambao mshirika wako ndiye mwenye malori, uongozi ni kazi ya mahusiano kwanza.

Linganisha na Neville Isdell, aliyerudi kutoka kustaafu mwaka 2004. Alianzia kwenye kiwanda cha kujaza chupa Zambia miaka ya 1960. Aliwakusanya mameneja waandamizi waandike pamoja mwelekeo wa kampuni, badala ya kuwaletea uliokwisha kuandikwa. Kwa kampuni iliyokuwa imebadilisha viongozi mara kadhaa kwa muda mfupi, naamini huo ulikuwa uamuzi wa kimkakati kama ununuzi wowote.

Hatua ya 7: Pima utamaduni wakati wa msukosuko

Utamaduni hauonekani kwenye orodha ya maadili. Chagua misukosuko miwili au mitatu, na kwa kila mmoja uliza: nani alisikilizwa, nani alichelewa, na ni kanuni gani iliyobadilika baadaye.

Aprili 1985 kampuni ilibadilisha ladha ya kinywaji chake kikuu baada ya kuwaonjesha watu karibu 200,000. Wengi waliipenda ladha mpya. Lakini kuonja hakukuwauliza wangehisije ladha ya zamani ikiondolewa kabisa. Malalamiko yalimiminika, na Julai mwaka huohuo ladha ya zamani ikarudi. Mimi naona mambo mawili hapa. Kampuni iliamini kipimo kuliko swali lililohitaji kupimwa, na ilipokosea iligeuka ndani ya miezi mitatu bila kung'ang'ania heshima. Andika yote mawili.

Juni 1999 watu nchini Ubelgiji waliugua baada ya kunywa bidhaa za kampuni, serikali ikapiga marufuku mauzo, na mkuu wa kampuni akalaumiwa kwa kuchelewa kujitokeza. Hapo tazama umbali kati ya makao makuu na soko.

Msukosuko wa tatu ni wa ndani. Novemba 2000 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 192.5 kumaliza kesi ya wafanyakazi weusi wa Marekani kuhusu ubaguzi katika malipo na kupandishwa vyeo. Maridhiano hayo yaliunda kikosi cha nje, kikiongozwa na Alexis Herman, aliyekuwa Waziri wa Kazi, kusimamia mabadiliko. Tofautisha ahadi ya kubadilika na chombo chenye mamlaka ya kukagua. Hicho cha pili ndicho kinachoacha alama.

Hatua ya 8: Linganisha kwa uangalifu

Mwisho wa 2024 PepsiCo ilikuwa na wafanyakazi takriban 319,000, Coca-Cola 69,700. Usiseme mmoja ni mzembe. PepsiCo ilizaliwa 1965 Pepsi-Cola ilipoungana na Frito-Lay, hivyo huuza vitafunio pia, na mwaka 2010 ilinunua kampuni zake mbili kubwa za kujaza chupa, ambazo shughuli zake ilibaki nazo. Ni mikakati miwili tofauti, kila mmoja na mahitaji yake ya mtaji.

Hatua ya 9: Andika ukurasa mmoja

Andika sentensi tatu: kampuni inapata faida wapi, imeamua kutofanya nini, na inamtegemea nani isiyemmiliki. Chini yake weka namba tano kutoka kwenye ripoti, kila moja na ukurasa wake. Sasa fungua tovuti ya kampuni, usome kaulimbiu na ukurasa wa maadili, na uweke alama kwenye kila sentensi ambayo ukurasa wako unaithibitisha au kuipinga. Sentensi zitakazobaki bila alama ndizo za kuuliza utakapokutana na mtu wa menejimenti.