Kuonyesha filamu ya mauaji ya kimbari ya Rwanda mbele ya hadhira ya Mtwara

Filamu ya makala kuhusu mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994 ikionyeshwa bila maandalizi, watu huondoka wakisema makabila yaligombana. Mwandaaji ndiye wa kuzuia uongo huo. Watu waondoke wakijua kuwa dunia ilipewa taarifa, ikakaa vikao, ikapiga kura ya kupunguza askari. Kazi yote, kuanzia tafsiri hadi mpangilio wa viti, ifuate lengo hilo.

Anza wiki 6 kabla. Nenda kwa afisa utamaduni wa manispaa au halmashauri ukiwa na nakala nzima ya filamu, si kionjo, kwa sababu filamu za hadhara hupangiwa daraja na Bodi ya Filamu. Mwandikie mwenye filamu kuomba ruhusa. Nakala zinazozunguka kwenye simu mara nyingi zimekatwa, na kinachokatwa huwa ni mahojiano ya maofisa, yaani kiini chenyewe. Chagua filamu ya dakika 60 hadi 90 ambamo manusura wanasema wenyewe na waliokuwa na mamlaka wanahojiwa. Yenye maiti nyingi na maelezo machache iache.

Tafsiri ndiyo inayokula muda. Kwa maandishi ya chini ya picha, weka mistari isiyozidi 2, kila mmoja herufi 40 pamoja na nafasi, na yakae sekunde 2 hadi 6. Kosa la kawaida ni kutafsiri kila neno: mtazamaji yuko katikati ya mstari, maandishi yameshaondoka. Kata "kwa kweli" na "unajua", bakiza kauli. Kosa la pili halionekani mapema: ukitengeneza maandishi kwa nakala ya fremu 25 kwa sekunde kisha ukaonyesha nakala ya fremu 23.976, baada ya saa nzima maandishi na sauti vitapishana kwa zaidi ya dakika 2. Jaribu dakika 10 za mwisho, si za mwanzo, kwa nakala ileile utakayoionyesha.

Wazee wengi hawatasoma haraka hivyo. Hapo tumia msimulizi, kama vibanda umiza vinavyofanya, lakini kwa masharti. Asome karatasi iliyokwisha kukaguliwa, asiongeze neno, asiigize kilio. Manusura akianza kusema, sauti yake isikike sekunde 3 ndipo msimulizi aingie. Watu wana haki ya kuisikia sauti ile.

Kabla ya filamu, bandika ukutani tarehe zifuatazo kwa maandishi ya urefu wa sentimita 5, mtu wa nyuma ayasome:

4 Agosti 1993: mkataba wa amani kati ya serikali ya Rwanda na waasi wa RPF wasainiwa Arusha.
11 Januari 1994: Jenerali Roméo Dallaire, kamanda wa walinda amani wa Umoja wa Mataifa nchini Rwanda, aarifu makao makuu New York juu ya silaha zilizofichwa na mpango wa kuua Watutsi. Akatazwa kuzikamata.
6 Aprili: ndege ya Rais Habyarimana wa Rwanda, akitoka kwenye kikao Dar es Salaam, yatunguliwa Kigali.
7 Aprili: Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana auawa, pamoja na askari 10 wa Ubelgiji.
11 Aprili: askari wa Ubelgiji waondoka kwenye shule ya ufundi ya ETO, Kigali, wakiwaacha watu wapatao 2,000 waliokimbilia hapo. Wengi wauawa.
21 Aprili: Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kwa Azimio 912, lapunguza kikosi cha walinda amani hadi 270.
17 Mei: Azimio 918 laruhusu askari 5,500. Mauaji yanaisha Julai wengi wao hawajafika.

Msomaji atauliza kwa nini hakuna aliyepinga kura ya kupunguza askari. Mweleze kuwa Rwanda yenyewe ilikuwa mjumbe wa Baraza la Usalama mwaka ule, na mwakilishi wa serikali iliyokuwa inaua aliendelea kukaa kwenye kiti chake. Dakika 10 za maelezo zinatosha. Usisimamishe filamu katikati ili kueleza.

Vifaa ni rahisi zaidi. Projekta ya lumeni 3,000 hufaa ukumbi wenye giza. Nyingi huhitaji umbali wa mita 4.5 kupata picha ya upana wa mita 3. Umeme ukikatika taa ikiwa ya moto, subiri dakika kadhaa kabla ya kuiwasha tena, la sivyo taa hupasuka au hufa mapema. Jenereta ya kVA 2 yatosha projekta na spika 2. Iwe mita 20 nje, upande ule upepo unakoelekea ukitoka ukumbini, ili moshi na kelele visiingie ndani. Aprili mvua bado inanyesha Mtwara, na mvua juu ya bati hufuta sauti yote, basi tafuta ukumbi wenye dari na uwe na tarehe ya akiba. Ukilazimika kuwa nje, shuka lifungwe kila nusu mita na bomba lipitishwe chini; upepo wa bahari huligeuza tanga. Anza saa 2:00 usiku, baada ya swala ya isha.

Fikiria nani amekaa mbele yako. Kijiji cha Kitaya, mpakani mwa Mtwara, kilishambuliwa Oktoba 2020, na ng'ambo ya mto Ruvuma, Cabo Delgado nchini Msumbiji, watu wameuawa na kukimbia tangu 2017. Kwa wengine picha hizi si za mbali. Tangaza mapema, kwenye barua na mlangoni, kwamba kuna maiti na simulizi za ubakaji. Watoto wasiingie. Milango isifungwe, na njia ya katikati iwe na upana wa mita 1. Mpange muuguzi au mshauri nasaha mmoja akae mwishoni, na chumba chenye maji na mkeka. Mtu akitoka, mmoja amfuate taratibu, asimhoji. Usimpige picha mtu anayelia, wala usimruhusu mwingine kufanya hivyo. Kiingilio kisiwepo.

Mjadala uwe dakika 30, na taa ziwashwe polepole. Swali la kwanza lielekezwe ukutani: katika tarehe hizi, ni wapi mtu fulani angeweza kuamua vinginevyo? Mzungumzaji akianza kulaumu kabila, mrudishe kwenye tarehe. Akiuliza haki ilipatikana wapi, mwambie Arusha: mahakama ya kimataifa kuhusu Rwanda iliundwa 8 Novemba 1994 kwa Azimio 955, na tarehe 2 Septemba 1998 ikamtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba. Hiyo ilikuwa hukumu ya kwanza ya mauaji ya kimbari kutolewa na mahakama ya kimataifa.

Faili la maandishi na karatasi ya msimulizi viweke pamoja na nakala ya filamu iliyotumika, ukiandika kasi ya fremu juu ya jina la faili. Watu wa Masasi au Nachingwea wakiomba, omba kwanza ruhusa ya mwenye filamu kwa onyesho lao, kisha wapelekee vyote kwa pamoja.