Saba Saba ya nyumbani: sufuria moja jikoni, sindano mbili mkononi

Kila tarehe 7 Julai njia ya Temeke hujaa. Maonyesho ya biashara yanakuwa yamepamba moto pale Viwanja vya Mwalimu Nyerere, Barabara ya Kilwa, na aliyesema "naenda mara moja tu" anarudi usiku na miguu imevimba na mfuko umejaa vipeperushi. Sina ugomvi na maonyesho. Ila sikukuu hii inaangukia katikati ya kipupwe, wakati ambao Dar mtu anaweza kukaa na nyuzi mapajani bila kulowa. Februari jasho la vidole hufanya uzi ung'ang'anie sindano, unavuta huku unakasirika. Julai upepo wa kusi ukipita barazani, mikono inabaki mikavu na kazi inasonga.

Mwongozo huu ni wa siku moja. Tutafuma kishikio cha sufuria kwa sindano mbili (si kroshia), na mchana tutakula wali na maharage ya nazi. Nimeviweka pamoja makusudi. Wengi wanaoniambia kufuma kumewashinda walijaribu kufuma huku wanapika chapati. Chapati haikuachi ukae. Ugali vilevile, na samaki wa kukaanga ndiyo usiseme. Siku ya kufuma pika kinachojipika chenyewe, na fuma kitu unachoweza kukiweka chini wakati wowote ukakikuta kilivyo.

Hatua ya 1: Tafuta uzi mapema, tena wa pamba

Usisubiri sikukuu yenyewe. Nenda Kariakoo siku mbili tatu kabla, na ujue unachokwenda kutafuta, kwa sababu uzi mwingi mnene wenye rangi za kuvutia ni akriliki. Kwa kofia ya mtoto hauna tatizo. Kwa kishikio cha sufuria ni hatari: akriliki ikipata moto mkali inayeyuka, na ikiyeyukia kidoleni inaganda hapohapo.

Muuzaji atakuambia, "Dada angu, hii pamba tupu." Inawezekana. Omba kipande kifupi cha uzi, toka nje ya duka, kiwashe kwa kiberiti. Pamba inawaka kama karatasi, inanukia karatasi iliyoungua, na inaacha jivu laini linalosagika vidoleni. Akriliki inajikunja, inadondosha matone, na ikipoa inaacha punje ngumu nyeusi. Muuzaji mwenye uzi wa kweli hatachukia.

Pamba inayopatikana kirahisi ni ile nyembamba ya kufumia vitambaa vya makochi kwa kroshia. Nunua hiyo hiyo, ila shika nyuzi nne au tano kwa pamoja uzifume kama uzi mmoja. Chukua rangi iliyoiva: damu ya mzee, kijani, bluu ya kuzama. Nyeupe na binzari hazikai nyumba moja.

Njia ya bei nafuu zaidi ni mitumba. Tafuta sweta la pamba (soma lebo ya ndani), kisha geuza uangalie mshono wa ubavuni. Kama kingo ni nzima na zimeunganishwa tu kwa uzi, ukilifumua unapata uzi mrefu usiokatika. Kama zimekatwa na kupigwa ovaloki, liache, maana utaambulia vipande vipande tu.

Sindano: za mianzi, milimita 5. Za chuma zinateleza mno kwa anayeanza. Spoku za baiskeli, ambazo wengi wetu tulijifunzia, ni nyembamba kwa kazi hii; kishikio kitakuwa kigumu na hutakimaliza leo.

Hatua ya 2: Usiku wa kuamkia sikukuu

Chagua maharage, toa mawe, osha, loweka nusu kilo kwenye maji mengi, mara tatu ya maharage yenyewe. Nazi mbili ziwe zimeshanunuliwa. Basi, kalale.

Hatua ya 3: Asubuhi ni ya jiko kwanza

Mwaga maji ya kulowekea, weka mapya, bandika. Yakichemka yaache moto mkali kwa dakika 10 kamili kabla ya kupunguza. Usiruke hapa: maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayoleta kutapika na kuharisha, na kinachoivunja ni mchemko wa kweli, si fukuto la moto mdogo. Baada ya hapo punguza moto, funika ukiacha upenyo, na usiweke nyanya wala ndimu kwa sasa. Uchachu hufanya ganda ligome kulainika.

Wakati yanachemka, vunja nazi ukune. Mbuzi au brenda, shauri yako. Kamua tui zito ulitenge, kisha ongeza maji ya vuguvugu ukamue tui la pili. Ukishamaliza nawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye kucha, maana mafuta ya nazi yakiingia kwenye uzi wa pamba, baada ya siku chache uzi unanuka.

Weka alamu ya simu dakika 30, na simu yenyewe iache mbali. Ikiwa karibu utaangalia status za walioko kwenye maonyesho, na mstari wa tatu hutaufikia.

Hatua ya 4: Kuanza vitanzi

Kaa penye mwanga, mgongo umeegemea. Funga kitanzi cha fundo mwanzoni mwa uzi, ukiacha mkia wa kama kiganja. Kivalishe kwenye sindano ya kushoto. Kaza kidogo tu, kitanzi kiweze kuteleza.

Sasa ingiza ncha ya sindano ya kulia ndani ya kitanzi, kutoka mbele kwenda nyuma, sindano mbili zikae msalaba. Zungusha uzi kwenye ncha ya kulia kutokea nyuma, upite katikati ya sindano mbili. Vuta ncha ya kulia irudi mbele ikiwa imeubeba uzi huo. Umepata kitanzi kipya. Cha zamani usikiachie. Kipya kivalishe nacho kwenye sindano ya kushoto, kando ya mwenzake. Rudia kwa kutumia kitanzi hicho kipya, mpaka vifike 28.

Ninawafundisha watu njia hii ya kuanza, ingawa zipo nyingine zenye ukingo mzuri zaidi, kwa sababu mkono unajifunza tendo moja tu. Kufuma mstari ni tendo hilohilo: ingiza, zungusha, vuta. Tofauti ni moja. Safari hii kitanzi kipya kinabaki kwenye sindano ya kulia, na cha zamani unakiteremsha kutoka ya kushoto. Vikihamia vyote kulia, badilisha mikono, uanze mstari mwingine.

Kabla ya kila mstari hakikisha uzi unaning'inia chini, upande wa nyuma. Ukiwa umepandishwa juu ya sindano, kitanzi cha kwanza kinavutika na kuonekana kama viwili, unavifuma vyote, na mstari kwa mstari kishikio kinapanuka. Anayeanza na vitanzi 28 akajikuta na 35, mara nyingi sababu ni hiyo. Hesabu kila baada ya mistari minne.

Hatua ya 5: Kuitwa na jiko

Alamu ikilia, maliza mstari kwanza ndipo uinuke. Maharage hayaungui kwa dakika tatu kama uliacha maji ya kutosha. Ikibidi uinuke katikati ya mstari, ukirudi angalia uzi unaotoka kwenye bonge umeunganika na sindano ipi. Hiyo ndiyo ishike kwa mkono wa kulia.

Ongeza maji ya moto, si ya baridi, weka alamu tena. Maharage yaliyolowekwa huchukua kama saa moja hadi moja na nusu. Ya zamani yaliyokaa stoo hayana saa maalumu, endelea tu kufuma. Bonyeza moja kwa kidole. Likipondeka bila kubishana, sasa weka kitunguu, kitunguu saumu, nyanya, hoho, binzari kidogo, chumvi na tui la pili. Yaache yachemke taratibu dakika 20, ambazo ni mistari kadhaa. Mwishoni mimina tui zito, ukoroge bila kuacha mpaka lichemke kidogo, ndipo uepue. Hizi dakika tano hazina kufuma. Tui ukiliacha peke yake linakatika.

Na mikono inawe tena. Ndiyo, kila mara.

Hatua ya 6: Wali wa kupalia

Vikombe viwili vya mchele wa Kyela, maji vikombe vitatu, chumvi, mafuta kijiko kimoja. Maji yakichemka weka mchele uliooshwa. Yakikaribia kukauka, geuza mara moja, funika, punguza makaa chini na upalie mengine juu ya mfuniko. Dakika 20 za uhuru kamili. Kwa gesi weka moto wa mwisho kabisa na karatasi ya foili chini ya mfuniko. Achana na kufunikia nailoni. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, lakini jikoni kwa watu bado ipo juu ya wali.

Mgeni akipiga hodi wakati huu, mpe sahani. Sikukuu ya Dar haina mlango uliofungwa.

Hatua ya 7: Kumaliza kishikio

Utaona kazi inajenga matuta. Kila mistari miwili ni tuta moja, na kwa ufumaji huu matuta yakilingana na idadi ya vitanzi, una mraba. Kwa hiyo vitanzi 28, matuta 28. Usipotaka kuhesabu, kunja kona kwa kona: zikikutana, tosha.

Kufunga: fuma vitanzi viwili. Kwa ncha ya kushoto nyanyua kile cha kwanza, kivushe juu ya cha pili, kiachie. Fuma kimoja kingine, vusha tena, hivyo hivyo mpaka kibaki kimoja. Legeza mkono, vinginevyo ukingo wa juu utajikunja. Kata uzi ukiacha mkia mrefu, upitishe kwenye kitanzi cha mwisho, vuta, na mkia huo usuke uwe kitanzi cha kutundikia ukutani.

Safu moja ya pamba haitoshi kwa sufuria iliyotoka motoni. Shonea nyuma kipande cha taulo kuukuu, la pamba vilevile. Na usikitumie kikiwa kimelowa hata kidogo: maji hupitisha joto upesi, utaungua ukiwa umekishika.

Maharage yaliyobaki yaweke kwenye friji. Usiku wa Julai ni wa baridi kidogo kwa Dar, lakini si kiasi cha kuyalaza nje. Yenye nazi yatakuwa yamechacha alfajiri. Kama huna friji, yagawe kwa jirani kabla ya magharibi. Sufuria ina masikio mawili, kwa hiyo kishikio cha pili kianze jioni zinazofuata, mistari michache michache, kwa vitanzi 28 vilevile ili viwe pacha.