Uzi na jiwe kwa hesabu za likizo
Mtoto yuko likizo na hesabu zinaanza kumtoka? Mfungie jiwe kwenye uzi wa sm 25 lining'inie, alisukume kidogo tu, ahesabu bembea 10 (kwenda na kurudi ndo moja) huku simu inapima, halafu agawe kwa 10, atapata kama sekunde 1. Sasa uzi uwe sm 100, wengi wanabeti 4, kumbe ni 2! Hapo ndo aljebra inaingia: T² = 4L, T ni sekunde za bembea moja, L ni urefu wa uzi kwa mita, mpe L ya 0.49 atafute T kwenye karatasi kwanza ndo apime. Kuhesabu 10 kunapunguza kosa la kidole kuchelewa kubonyeza. Inagoma akilivuta jiwe mbali sana, au akipima uzi mpaka kwenye fundo badala ya katikati ya jiwe.