Somo: Timu ya NBA (ligi ya kikapu ya Marekani) imejaza kepu, yaani kikomo cha jumla ya mishahara ya wachezaji, inamsainije tena mchezaji wake? (soma lote kabla hujauliza)

Wadau habari za wikiendi. Kila mwezi wa sita ukiisha naulizwa swali lilelile, "timu imeshapita kepu, hela ya kumlipa tena mtu wake milioni 40 inatoka wapi?" Jana peke yake wameniuliza wanne, na nilishajibu mwaka jana, na mwaka juzi pia nilijibu, kwa hiyo naandika mara moja hapa na atakayeuliza tena namtumia hii.

Msingi kwanza. Kepu ya NBA ni laini. Ilianza msimu wa 1984-85 ikiwa dola milioni 3.6, msimu wa 2025-26 ni milioni 154.647. Laini maana yake unaruhusiwa kuipita ukiwa na kibali, na kibali kikubwa kuliko vyote ni kile cha kubaki na mtu wako mwenyewe. Ndo haki za Bird hizo, jina limetoka kwa Larry Bird wa Boston.

Hatua ya 1. Hakikisha mkataba umeisha kweli, angalia kama kuna opsheni (haki ya kuamua mwaka wa ziada wa mkataba) ya timu au ya mchezaji mwenyewe.

Hatua ya 2. Hesabu misimu. Hapa wengi wanaruka halafu wanashangaa. Akiwa na misimu 3 bila kubadilisha timu kama mchezaji huru (aliyemaliza mkataba) unayo Bird kamili, unaweza kumlipa mpaka maksi yake (mshahara wa juu kabisa ligi inaomruhusu) hata kama kepu umeipita kitambo. Misimu 2 unayo Early Bird, mwaka wa kwanza unampa mpaka 175% ya mshahara wa zamani na mkataba uwe wa miaka 2 kwenda juu. Msimu 1 unayo Non-Bird, 120% basi.

Mnaona hizi asilimia kama vitu vya makaratasi, ila zimevunja timu nzuri kabisa. Bruce Brown alichukua ubingwa na Denver 2023, alikuwa pale msimu mmoja tu kwa milioni 6.479. Piga mara 1.2 unapata kama milioni 7.8, hapo ndo mwisho wa Denver hata wangempenda vipi. Indiana wakaja na milioni 45 kwa miaka 2. Mwaka uliofuata Isaiah Hartenstein pale New York, misimu 2, Early Bird, mshahara kama milioni 9.2, kwa hiyo Knicks mwisho wao ulikuwa milioni 72.5 kwa miaka 4. Oklahoma City wakampa 87 kwa miaka 3. Knicks hawakuwa wabahili, walikuwa wamefika ukutani.

Hatua ya 3. Kama ni kijana anamaliza mkataba wa ruki (ule wa kwanza anaoingia nao ligi), mpe ile ofa ya mwaka 1 kabla Juni haijaisha ili awe mchezaji huru mwenye masharti na wewe ubaki na haki ya kulinganisha ofa ya timu nyingine.

Hatua ya 4. Kepu holdi. Tulieni hapa.

Mchezaji wako akishakuwa huru jina lake halifutiki kwenye vitabu. Ligi inaacha pale kiasi fulani kinachomshikia nafasi, ndo kepu holdi, na kinakula nafasi yako mpaka umsaini, au asaini kwingine, au umkane rasmi, yaani uachie haki zako zote kwake. Kiasi chenyewe kinategemea: mwenye Bird kamili anayelipwa chini ya wastani wa ligi ni 190% ya mshahara wake wa mwisho, juu ya wastani 150%. Anayetoka mkataba wa ruki 300% kama yuko chini ya wastani, 250% kama yuko juu. Early Bird 130%, Non-Bird 120%.

Sasa utamu wake ni kwamba kijana aliyekuwa analipwa kidogo holdi yake ni ndogo kuliko mshahara atakaosaini. Ile tofauti ndo hela yako. Angalieni Philadelphia 2024. Tyrese Maxey alichaguliwa wa 21 kwenye drafti (pale timu zinapochagua vijana wapya) ya mwaka 2020, kwa hiyo mshahara wake wa mwisho ulikuwa kama milioni 4.3, mara tatu inakuja 13. Maksi yake ilikuwa milioni 35.1, yaani 25% ya kepu ya msimu ule ya 140.588. Wangemsaini kwanza, milioni 22 za nafasi zinayeyuka papo hapo. Yeye akakubali kusubiri, wakamwacha pale na holdi yake ya 13, wakatumia nafasi kumchukua Paul George kwa milioni 212 miaka 4, halafu ndo wakamgeukia Maxey na Bird kamili, 204 kwa miaka 5. Mpangilio tu. Hela ileile, wachezaji walewale, ila ukigeuza nani anaanza kusaini unampoteza mmoja.

Nayasema haya kwa uchungu maana niliharibu palepale. Tuna ligi yetu ya washkaji kwenye gemu, kila mtu na timu yake, sheria tunafuata za kweli na hesabu tunaweka kwenye shiti ya Excel. Nilikuwa na gadi kijana anatoka mkataba wa ruki, mshahara milioni 5, holdi 15, na nafasi yangu ilikuwa 24. Usiku wa kwanza nikamsaini yeye kabla ya kila mtu kwa milioni 33, niliogopa ataondoka. Asubuhi nafungua shiti, ile seli ya nafasi niliyokuwa nimeipaka kijani inasoma 6. Senta niliyekuwa namtaka alihitaji 20. Nikaingiwa na wasiwasi nikamkana fowadi wangu wa akiba aliyekuwa na holdi ya 9, nikafika 15, bado haitoshi, na yule fowadi ndo akaenda moja kwa moja. Na ile hofu ya mwanzo haikuwa na sababu, gadi alikuwa mwenye masharti, ofa yoyote ningeilinganisha. Msimu wote nimecheza bila senta wa maana.

Kwa hiyo shikeni haya. Wa nje kwanza, wako mwisho. Usimkane mtu mpaka uwe umeshakubaliana na yule unayemfungulia nafasi, maana ukishamkana Bird yake hairudi, utamtaka tena itabidi utumie nafasi ya kepu au eksepsheni (kibali kingine cha kupita kepu) kama timu nyingine yoyote. Na ongea na kijana wako mapema mkubaliane, kwa sababu akisaini karatasi ya ofa ya timu nyingine unapewa muda mfupi sana wa kuamua na mpangilio wako wote unavunjika. Na kama holdi yake ni KUBWA kuliko mshahara mtakaokubaliana, hapo geuza, msaini yeye kwanza.

Hatua ya 5. Msaini. Bird kamili ni mpaka miaka 5 na nyongeza ya 8% kila mwaka, timu nyingine mwisho miaka 4 na 5%.

Hatua ya 6. Angalia aproni, yaani vikomo vingine vya mishahara vilivyo juu zaidi ya kepu. Kumsaini mtu wako kwa Bird hakuzuiwi hata ukiwa juu ya aproni ya pili (milioni 207.824 msimu wa 2025-26), ila ukishakuwa huko huwezi kuunganisha mishahara ya wachezaji wawili kwenye tredi (kubadilishana wachezaji na timu nyingine), huwezi kutuma hela taslimu, na kodi ya anasa, ile wanayotozwa wenye mishahara mikubwa kupita kiasi, inakusubiri. Kibali unacho, gharama yake ndo uipime.

Maswali karibuni.

Kiungo_Tabata: Mkuu somo zuri. Sasa mchezaji wangu wa milioni 30 akiondoka si natumia Bird yake kumleta mwingine wa milioni 30?

Mwandishi: Hapana. Bird ni ya mtu, sio ya kiti. Hatua ya 2.

Kiungo_Tabata: Lakini hela si ya mwenye timu? Kwanini wamzuie kutumia hela yake, hii sheria umeielewa vizuri kweli?

Mwandishi: Nimeielewa kaka, na mifano nimeweka. Nakuongezea mmoja. Dallas 2022 walikuwa na Bird kamili ya Jalen Brunson, wangeweza kumlipa. Akaenda New York kwa milioni 104 miaka 4. Siku aliyosaini kule Dallas hawakubaki na milioni 26 za kwenda sokoni, walikuwa juu ya kepu na Bird ikaondoka naye. Wamebaki na pengo na mikono mitupu.

binti_wa_kigali: Samahani kaka, kitu kimoja kinanichanganya. OG Anunoby alifika New York Desemba 2023, kiangazi cha 2024 wakampa milioni 212.5. Misimu 3 ameipata wapi?

Mwandishi: Dada umeuliza vizuri sana. Angalia nilivyoandika, "bila kubadilisha timu kama mchezaji huru". Tredi haivunji hesabu. Saa ya Bird inatembea na mkataba, kwa hiyo miaka yake yote ya Toronto ilipanda naye ndege. Ndo maana timu zinakubali kutoa vitu vingi Februari kwa mtu ambaye mkataba unaisha Juni, zinanunua haki ya kumlipa. Mfano wa nyumbani ni Hasheem Thabeet, wa pili kwenye drafti ya 2009. Memphis wakamtredi Houston 2011, Houston wakamtredi Portland 2012, njia yote hiyo saa yake inatembea tu. Kiangazi kile aliposaini Oklahoma City kama mchezaji huru ikaanza sifuri.

binti_wa_kigali: Nimeelewa kabisa, asante. Na je mtu wa mkataba wa mwaka mmoja akitrediwa?

Mwandishi: Hapo umegusa kitu ambacho sikukiandika. Kama ana mkataba wa mwaka 1 na mwisho wa msimu angekuwa na Bird au Early Bird, anapoteza akitrediwa, anashuka Non-Bird. Kwa sababu hiyo sheria inampa nguvu ya kuikataa tredi. Ukiona mchezaji wa hela ndogo amezuia dili, mara nyingi sababu ni hiyo.

Don_wa_Buguruni: Ndefu sana hii nimepitia juu juu. Holdi ni nini kwa kifupi?

Mwandishi: Hatua ya 4, aya ya pili.

Don_wa_Buguruni: Ungejibu tu mkuu.

Mwandishi: Nimejibu kwa aya tano. Soma, ukikwama sehemu niambie ni wapi nitakusaidia.

mzee_rebaundi: Kuna kitu hakijakaa sawa. Umesema Early Bird ni 175%. Austin Reaves alikuwa analipwa kima cha chini pale Lakers, 175% yake ni vijisenti, mbona 2023 wamempa karibu milioni 54?

Mwandishi: Uko sahihi mzee wangu, nimeacha nusu. Early Bird ni 175% ya mshahara wake AU 105% ya mshahara wa wastani wa ligi, inayozidi. Kwa Reaves njia ya pili ndo ilizidi, ikampa kama milioni 12 mwaka wa kwanza, weka 8% miaka 4 unafika 53.8. Shukrani, watu wanaohesabu wenyewe ndo nawapenda.

mzee_rebaundi: Sasa si mnaweza kumwambia mchezaji asaini mwaka mmoja mmoja kwa bei ndogo, Bird ikikamilika ndo mnamlipa yote?

Mwandishi: Akiamua mwenyewe kusaini hivyo sawa. Kuahidiana ndo kosa. Minnesota walifanya hivyo na Joe Smith, mikataba ya mwaka mmoja mmoja kwa hela kidogo na karatasi ya siri kwamba Bird ikitimia atalipwa makumi ya mamilioni. Ikagundulika mwaka 2000. David Stern, bosi wa ligi wakati huo, akafuta mikataba, faini milioni 3.5, na pick 5 (zamu za kuchagua kwenye drafti) za raundi ya kwanza wakanyang'anywa, baadaye baadhi zikarudishwa. Fikiria Kevin Garnett, nyota wao, yuko kwenye ubora wake na timu haina drafti ya kumjengea. Hicho kisa kila nikikifikiria namhurumia yeye.

Shuti_Tatu_Mombasa: Mimi swali la pembeni, soko linafunguliwa saa ngapi zetu? Kila mwaka nakesha halafu napitiwa.

Mwandishi: Juni 30 saa 12 jioni ya New York, kwetu ni saa 7 usiku kuamkia Julai 1. Ila tangu 2024 timu inaruhusiwa kuongea na mtu wake mwenyewe kuanzia siku inayofuata fainali kuisha, kwa hiyo habari nyingi za kusaini upya utazisikia kabla, huna haja ya kukesha kwa ajili hiyo.

Shuti_Tatu_Mombasa: Kumbe. Na zile namba wanazotaja usiku ule niziingize kwenye shiti yangu moja kwa moja?

Mwandishi: Usiingize. Mpaka Julai 6 mikataba mingi haisainiwi, ni makubaliano tu, na timu zinatumia siku zile kupanga nani aanze. Mimi naweka kolamu mbili, "wamekubaliana" na "wamesaini", na holdi siifuti mpaka jina lihamie kolamu ya pili.

Shuti_Tatu_Mombasa: Hiyo shiti unaweza kunitumia?

Mwandishi: Nitaisafisha leo jioni nikutumie. Badilisha kepu na aproni juu kabisa kila mwaka, zingine zinajihesabu zenyewe.