Namna ya kupanga kazi za wale jamaa 12 waliokanyaga mwezi bila kujichanganya

Ukitaka kuelezea au kuandika kuhusu wanaanga waliotembea mwezini, kosa kubwa ni kuanza na hatua ya Neil Armstrong, mtu wa kwanza kukanyaga mwezi, halafu ukaishia hapohapo, yaani mtu kafanya kazi miaka kibao we unamhesabia masaa mawili na nusu tu aliyokaa nje ya chombo. Mi naanzaga na daftari na kalamu.

Kwanza safisha majina. Watu 24 walifika mwezini ila waliokanyaga ni 12 tu, na hapo ndo wengi wanaumbuka. Michael Collins wa Apollo 11 (Apollo ndo mpango wa Marekani wa kupeleka watu mwezini) alibaki juu anazunguka wakati wenzie wako chini, na James Lovell ndo kabisa, kaenda mara mbili, Apollo 8 na Apollo 13, na hakukanyaga hata mara moja. We kumbuka safari namba 11, 12, 14, 15, 16 na 17, kila moja watu wawili, 13 unairuka kwa sababu tangi la oksijeni lililipuka wakiwa njiani. Kwa hiyo unapata Armstrong na Aldrin, Conrad na Bean, Shepard na Mitchell, Scott na Irwin, Young na Duke, halafu Cernan na Schmitt wanafunga mlango Desemba 1972.

Sasa chora safu nne: alikotoka, mwaka aliochaguliwa na NASA (shirika la anga la Marekani), alikuwa akiba wa safari gani (yaani mtu wa kuziba pengo mwenye safari akishindwa kwenda), na alifanya nini baadae.

Safu ya alikotoka haina shida, saba walipitia jeshi la majini, Armstrong akiwemo japo NASA walimchukua akiwa raia, wanne jeshi la anga, na Schmitt ni mwanajiolojia. Usije ukaandika wote walikuwa marubani wa majaribio, Aldrin alipigana Korea kweli lakini hakupita kwenye majaribio ya ndege, yeye alikuja na shahada ya udaktari (PhD) ya chuo cha MIT kuhusu namna vyombo viwili vinavyokutana angani, na Schmitt kurusha ndege kajifunza baada ya kuchaguliwa. Mwaka nao angalia, utaona Shepard yuko peke yake 1959, na Conrad aliomba mwaka huohuo wakamtema, akarudi 1962 wakamchukua.

Safu ya tatu ndo naipenda kuliko zote. Deke Slayton, aliyekuwa anapanga vikosi, alikuwa na utaratibu wake, ukiwa akiba wa safari fulani unaziacha mbili zinazofuata halafu ya tatu ni yako, kwa hiyo we jumlisha 3 tu. Armstrong na Aldrin walikuwa akiba wa 8, wakaenda 11. Conrad na Bean akiba wa 9, wakaenda 12. Scott na Irwin 12 kisha 15, Young na Duke 13 kisha 16, Cernan 14 kisha 17. Mahali hesabu inapogoma simama hapohapo uchimbe, maana pana stori. Mchukue Schmitt, alikuwa akiba wa 15 kwa hiyo ilitakiwa aende 18, ila 18 ikafutwa, wanasayansi wakapiga kelele haiwezekani safari ziishe bila mtaalamu wa miamba hata mmoja kukanyaga, basi Joe Engle akatolewa kwenye 17 Schmitt akaingia. Fikiria ungekuwa Engle. Shepard naye hakuwa akiba wa safari yoyote ya Apollo, alikuwa Mmarekani wa kwanza kwenda anga za juu Mei 1961, halafu ugonjwa wa sikio la ndani ukamwangusha chini miaka kadhaa, akafanyiwa operesheni, akarudi na kwenda na Apollo 14 akiwa na miaka 47.

Kuna na ya Duke. Akiwa akiba wa 13 alipata rubela, akawaweka wenzie kwenye hatari, na Ken Mattingly, aliyekuwa kwenye kikosi chenyewe cha 13, ndo hakuwa na kinga, wakamtoa siku chache kabla ya kuruka. Mattingly hakuugua kabisa, na baadae wakaenda wote wawili kwenye 16.

Safu ya mwisho iachie nafasi kubwa, usiandike tu "alistaafu". Armstrong alienda kufundisha uhandisi Chuo Kikuu cha Cincinnati mpaka 1979. Aldrin alirudi jeshini akapambana na sonona na pombe, na mwenyewe alilisema hadharani, kwa hiyo usilifiche. Scott na Irwin walipata msala wa bahasha za stempu kama 400 walizobeba bila ruhusa, wakaondolewa kwenye orodha ya kuruka, Irwin akawa mhubiri na akapanda Mlima Ararat kutafuta safina ya Nuhu. Schmitt akawa seneta wa New Mexico muhula mmoja. Ila kwangu mimi Bean ndo kiboko, aliacha kazi 1981 akawa mchoraji, na uchoraji wenyewe haukuwa wa kawaida, alikuwa anapaka rangi nzito kwenye ubao, anaigonga na nyundo aliyoitumia mwezini, anaikandamiza na soli ya kiatu cha mwezini mpaka alama zinabaki, halafu alikuwa anachanganyia vipande vidogo vya beji za suti yake zenye vumbi la kulekule.

Young muandikie kwa herufi ndogo la sivyo hatoshi kwenye mstari: Gemini 3, Gemini 10, Apollo 10, Apollo 16, halafu safari ya kwanza ya shato (chombo kilichorudi kutua kama ndege) Aprili 1981, na tena 1983, na NASA katoka 2004 baada ya miaka 42.